UZI: Mgodi uliofungwa kugeuzwa eneo la utamaduni la umma. Kipi kinatangulia, na nini huharibika?

#1 Kinu_Kimya

Wakuu, nafungua uzi huu kwa wanaoshughulika na migodi iliyofungwa. Tushike mfano mmoja ili tusibishane hewani. Kuna shimo la wazi la kina cha mita 40 lililoanza kujaa maji. Pembeni kuna kilima cha magwangala (mawe na udongo wa taka ya mgodi) cha mita 30, mnara wa winchi wa chuma juu ya shafti ya zamani (shimo la wima la kushukia mgodini), karakana mbili za matofali, na mtaro unaotoa maji ya rangi ya kutu, kama lita 10 kwa sekunde.

Mwenye eneo anataka bustani ya umma, makumbusho, jukwaa la muziki na njia za kutembea. Michoro ya kupendeza iko tayari. Je, kazi ianzie wapi? Naomba vipimo. "Inategemea" tumeshaisikia.

#2 MajiKwanza

Ianzie kwenye huo mtaro. Michoro ikunjwe kwanza.

Maji ya rangi ya kutu maana yake kuna pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa. Ikikaa chini bila hewa haina neno. Ikichimbuliwa ikakutana na oksijeni na maji, inatoa asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kikifika nje kinaganda kuwa tope la njano au la machungwa. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miongo mingi baada ya mgodi kufungwa, kwa hiyo huwezi kusema utajenga kwanza maji yatajisafisha yenyewe.

Pima miezi 12 mfululizo: mtiririko, pH (kipimo cha asidi), chuma, alumini, manganizi na oksijeni iliyoyeyuka. Kosa la kila siku ni kupima mara moja wakati wa kiangazi. Chumvi zinakauka juu ya magwangala msimu mzima, halafu mvua ya kwanza inazisomba kwa mkupuo mmoja. Mfumo uliosanifiwa kwa kipimo cha kiangazi unazidiwa wiki hiyohiyo.

Kupima mtiririko hakuhitaji mtambo wa gharama. Ziba mtaro kwa ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90. Maji yakisimama sentimita 14 juu ya ncha ya V, hizo ni takriban lita 10 kwa sekunde. Ila rula isichomekwe pale pale kwenye mkato, maana uso wa maji hapo huwa umeshaanza kushuka. Iweke nyuma, umbali usiopungua mara nne ya kimo hicho. Ukipima mkatoni utasoma kidogo kuliko ukweli, na mabwawa ya kutuamishia chuma utakayochora baadaye yatatoka madogo.

#3 Kinu_Kimya

Tuseme majibu ni chuma miligramu 40 kwa lita. Bwawa la ukubwa gani?

#4 MajiKwanza

Lita 10 kwa sekunde ni lita 864,000 kwa siku. Zidisha kwa miligramu 40 upate kilo 34.5 za chuma kila siku. Ikiwa maji yana uchachu uliokwisha kutulizwa, kanuni inayotumika sana ni kutuamisha gramu 10 hadi 20 za chuma kwa kila mita ya mraba kwa siku. Chukua 10 ili ulale usingizi: mita za mraba 3,450, sema 3,500. Hilo ni eneo kubwa ndani ya bustani yenu, na ndiyo sababu nikasema michoro ikunjwe.

Kabla ya bwawa, maji yapite kwenye mtaro wa mawe ya chokaa uliofukiwa na kuzibwa hewa. Yakae humo saa 15. Hesabu yake: lita 10 kwa sekunde kwa saa 15 ni mita za ujazo 540 za maji. Nafasi kati ya mawe ni kama asilimia 49, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 1,100 za mawe, karibu tani 1,760. Hapo bado hujahesabu mawe yatakayoyeyuka. Ukitaka miligramu 300 za nguvu ya kutuliza asidi kwa lita, unayeyusha tani 95 kwa mwaka. Kwa mawe yenye usafi wa asilimia 90 zinakuwa 105. Kwa miaka 20 ni tani 2,100. Jumla karibu tani 3,900.

Onyo: mtaro wa kufukiwa unafaa tu kama oksijeni, alumini na chuma kilichokwisha oksidika kila kimoja kiko chini ya miligramu 1 kwa lita. Vikizidi, mawe yanavikwa ganda la kutu au yanazibwa na ute mweupe wa alumini. Unabaki na mawe mazima yasiyofanya kazi, na huwezi kuyaona kwa sababu yamefukiwa. Maji ya namna hiyo yapelekwe kwenye bwawa lenye tabaka la mboji juu ya mawe ya chokaa, maji yakishuka wima. Mboji inakula oksijeni kabla maji hayajagusa jiwe.

#5 Ramani_Chakavu

Kwa hesabu hizi bajeti inaishia kwenye mabwawa kabla mgeni wa kwanza hajafika. Nani atakuja kutazama tope?

#6 MajiKwanza

Vintondale, Pennsylvania, Marekani, wamefanya hivyo. Mradi ulianza mwaka 1994 kwenye eneo la mgodi wa makaa ya mawe Na. 6. Maji yenye asidi yanapita mabwawa yaliyofuatana, na kando yake ikapandwa miti iliyochaguliwa ili rangi za majani wakati wa kupukutika zifuate hali ya maji, kuanzia nyekundu na machungwa kule yanakoingia hadi kijani cha fedha yanakotokea. Mtu anatembea kando ya mabwawa na anauona ugonjwa ukipona. Mtambo wa kusafisha maji ndio maonyesho yenyewe. Ukiuficha nyuma ya ua wa mabati, umelipa gharama zote na hujaonyesha kitu.

#7 BiMchanga

Hapo kwenye kilima sasa. Magwangala yakimwagwa na tipa hulala kwa nyuzi 35 hadi 37. Yanasimama, ndiyo, lakini udongo haukai juu yake na majani hayashiki. Kwa nyasi na watu lenga mteremko wa 1 kwa 3 (kushuka mita 1 kwa kila mita 3 za mlalo), na 1 kwa 4 ni bora kama mashine ya kukata nyasi itapita. Kwa kilima cha mita 30, ukikata juu na kujaza chini, tako la kilima linasogea nje kama mita 25 kila upande. Angalieni kama hizo mita 25 mnazo. Mara nyingi kuna mto hapo, au barabara, au nyumba ya mtu.

Njia ya kupanda kileleni ikiwa ya 1 kwa 20, ambayo kiti cha magurudumu kinaimudu, ni mita 600 bila kuhesabu sehemu tambarare za kupumzikia. Lazima izunguke. Na ikizunguka, watu watakata kona. Njia ya mkato ya upana wa futi mbili ikipigwa na mvua misimu miwili inakuwa korongo. Dawa yake ni kuweka ngazi za mawe pale pale wanapotaka kukatisha. Ubao wa "usipite hapa" haujawahi kumzuia mtu.

Kabla hata ya kugusa mteremko, tafuteni chemchemi chini ya kilima. Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, jalala Na. 7 la magwangala ya makaa lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi. Lilishuka juu ya shule na nyumba, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Ramani za zamani za eneo zilionyesha maji hapo. Kwa hiyo wekeni piezomita (mabomba ya kupimia maji ndani ya kilima), msome kila wiki, na ikinyesha sana kila siku. Kiwango cha maji ndani ya kilima kikipanda pamoja na mvua na kikachelewa kushuka, mifereji ya chini ijengwe kabla ya njia yoyote.

Na kama ni magwangala ya makaa ya mawe, pimeni joto. Kilima kinaweza kuwa kinaungua ndani polepole miaka mingi. Ukikifungua na kijiko (mashine ya kuchimbua) bila mpango unakipa hewa, na hapo mtaona moshi.

#8 Ramani_Chakavu

Bi, udongo wa kupandia? Kuna anayesema tuleteni tipa za udongo wa shambani tumwage sentimita 10 juu, basi.

#9 BiMchanga

Sentimita 10 juu ya magwangala yenye asidi ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Asidi inapanda, mizizi inafika kwenye mpaka na kugeuka, na kiangazi cha kwanza kila kitu kinakauka.

Pimeni salfa ya pairaiti. Kila asilimia 1 inahitaji kilo 31.25 za chokaa safi ya kaboneti kwa tani moja ya magwangala. Hekta moja kwa kina cha sentimita 30 ni kama tani 4,500, kwa hiyo ni tani 140 za chokaa kwa hekta kwa kila asilimia moja ya salfa. Ikifika asilimia 3 ni nafuu kuzika magwangala hayo chini ya mengine yasiyo na asidi kuliko kuyatibu.

Adui wa pili ni kushindiliwa. Buldoza linapendeza macho kwa kusawazisha, lakini kila linapopita linafunga vitundu vya hewa. Kwa miti, mwageni rundo kando ya rundo, kina cha mita 1.2, msawazishe mara moja tu au msisawazishe kabisa. Eneo litaonekana bayabaya mwaka wa kwanza na mkandarasi ataona aibu. Mwacheni aone. Na nyasi nzito zisipandwe mwaka huohuo na miche, zitainyang'anya maji.

Udongo unaweza kutengenezwa palepale. Eden Project, bustani ya mimea kule Cornwall, Uingereza, ambayo ilifunguliwa 2001, ilikuwa shimo la udongo mweupe wa kauri, kina kama mita 60, na sakafu yake iko chini ya kiwango cha maji ya ardhini. Walitengeneza zaidi ya tani 80,000 za udongo kwa kuchanganya taka za uchimbaji na mboji. Bamburi, Mombasa, walianza 1971 kwenye machimbo ya chokaa yaliyobaki sakafu tupu ya matumbawe. Miti michache sana kati ya iliyojaribiwa ilistahimili, na mvinje ndio uliobeba kazi, kwa sababu mizizi yake inashirikiana na bakteria wanaovuta naitrojeni. Ila majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza mboji. Leo watu wanatembea humo chini ya kivuli.

Kitu kimoja zaidi halafu ninyamaze. Kama kuna marudio, ule mchanga laini uliobaki baada ya kusagwa na kuoshwa, huo si udongo. Pimeni aseniki, risasi na zebaki. Wekeni nusu mita ya mawe makubwa kwanza ili chumvi zisipande, ndipo udongo. Uwanja wa watoto uende kwingine kabisa.

#10 FundiKutu

Tuje kwenye mnara na shafti.

Shafti: jaza kwa mawe safi makubwa, kisha funika kwa sahani ya zege yenye nondo. Upana uwe angalau mara mbili ya kipenyo cha shafti, unene usiopungua sentimita 45, na ikalie mwamba. Isikalie kifusi. Shafti ya mita 5 ina maana sahani ya mita 10 kwa 10. Acha bomba la kutolea gesi, na weka alama ya kudumu ya kitovu cha shafti juu ya sahani, maana miaka 30 ijayo mtu atataka kuchimba msingi hapo.

Bomba la gesi si pambo. Kanieneo ya hewa ikishuka kabla ya dhoruba, mgodi wa zamani unapumua nje, na hewa hiyo mara nyingi imekosa oksijeni. Kioski cha tiketi kikijengwa juu ya mpasuko na madirisha yakafungwa, mfanyakazi analala asiamke. Kila jengo karibu na shafti liwe na sakafu isiyopitisha gesi na nafasi ya hewa chini yake.

Mkitaka watu washuke chini, hiyo ni leseni nyingine na maisha mengine. Big Pit kule Blaenavon, Wales, ulifungwa 1980 ukafunguliwa kama makumbusho 1983, na wageni wanashuka mita 90. Viberiti, simu na saa za betri vinaachwa juu, kwa sababu sheria za mgodi wa makaa bado zinatumika. Kizimba, kamba, feni na pampu vinakaguliwa kama vya mgodi unaofanya kazi.

Mnara: wasanifu wanapenda kusema "tuache kutu, ndiyo historia." Kuna chuma maalumu ambacho kutu yake inajifunga na kukilinda. Mnara wa zamani ni chuma cha kawaida, kutu yake haisimami. Pabaya si pale panapoonekana pekundu. Pabaya ni katikati ya bati mbili zilizopigwa ribiti. Maji yanaingia, kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa, na bati zinafunguka kama kitabu kilicholowa. Chukua rula nyembamba, pita kila kiungo, andika upana wa mwanya. Ribiti zilizokatika vichwa zihesabiwe moja moja. Halafu angalia miguu minne pale inapoingia kwenye zege: chimbua sentimita 30 kuizunguka. Mara nyingi juu ni kizima na chini pamebaki unene wa sahani ya bati.

Rangi ya zamani ichukuliwe kuwa ina risasi hadi maabara iseme vinginevyo. Kuipiga mchanga bila hema ni kumwaga risasi juu ya bustani mnayotaka kupanda.

#11 Ramani_Chakavu

Nipinge kidogo. Kwa gharama hizo si bora kuubomoa na kujenga mpya unaofanana?

#12 FundiKutu

Mpya unaofanana ni sanamu. Linganisha kwanza gharama ya kuuweka usianguke tu, bila kupandisha watu. Hiyo ni sehemu ndogo ya gharama ya ukarabati kamili. Lichterfeld, Ujerumani, wana daraja la kusafirishia udongo liitwalo F60, urefu wa mita 502, uzito wa tani 11,000, na lilifanya kazi miezi 13 tu, 1991 hadi 1992. Lilikuwa linasubiri kukatwa chuma chakavu. Leo watu wanalipa kulipanda. Hakuna ambaye angeidhinisha fedha za kulijenga upya.

#13 Mtunza_Sanduku

Mmefika mbali bila kugusa makaratasi. Wiki ambayo mgodi unafungwa, chuma chakavu kinalindwa na mlinzi, ila ofisi ya upimaji inabaki wazi. Okoeni hivi kwa mpangilio huu: ramani za chini ya ardhi (bila hizo FundiKutu hajui pa kuweka sahani), daftari za mahudhurio na ajali, bodi ya namba za taa (ubao wa kutundikia namba ya taa ya kila mchimbaji), halafu zana. Nyundo zipo popote. Bodi ya taa yenye namba 600 na misumari iliyosuguliwa ikang'aa ni moja tu.

Piga picha kila kitu kikiwa mahali pake kabla hakijahamishwa, na andika kilikuwa ukuta upi. Rekodini sauti za waliofanya kazi sasa, na si wachimbaji peke yao: wapishi, waokota mawe, wauguzi, wajane. Wapeni ramani iliyochapishwa kubwa waweke majina yao ya mahali. Majina hayo ndiyo yaende kwenye vibao vya njia. "Njia ya Urithi Na. 2" haimwambii mtu kitu.

Na msiishie getini. Bonde la makaa la Nord-Pas-de-Calais, Ufaransa, liliingia orodha ya UNESCO mwaka 2012 kwa mafungu 109: mashimo, vilima vya magwangala, reli, nyumba za wafanyakazi, shule. Mkivunja safu za nyumba ili kupata maegesho, mmebaki na mnara usio na watu.

Swali ambalo michoro hailiulizi: kuna watu bado wanachekecha mabaki kwenye kilima hicho? Kama wapo, ua ukijengwa kabla ya kuzungumza nao, utatobolewa usiku huohuo.

#14 MajiKwanza

Nirudi kwenye shimo, sijaona aliyeligusa. Ziwa linavutia, na ndipo pa kuogopa. Kingo za mchanga uliomwagwa ukiwa mkavu zinasimama vizuri mpaka maji yapande ndani yake. Hapo mchanga unaweza kupoteza nguvu ghafla na kutiririka kama uji. Nachterstedt, Ujerumani, tarehe 18 Julai 2009, kipande cha ukingo kiliteleza ndani ya ziwa la mgodi pamoja na nyumba, watu 3 wakafa, na ziwa likafungwa kwa umma kwa miaka. Kingo za namna hiyo zishindiliwe kwa kina kwa mitetemo au milipuko midogo kabla ya kujaza, na mahali pa kuogelea pachaguliwe penye mwamba au udongo ambao haujawahi kuchimbwa.

Ukingo wa kuingilia uwe 1 kwa 10 hadi kina cha mita 2. Kwingine kote panda vichaka vya miiba vya upana wa mita tatu. Ukuta wa mwamba uachiwe mtaro wa kudakia mawe chini yake, na njia ya watu ipite nje ya mtaro huo.

#15 Hesabu_za_Kesho

Fedha, kwa ufupi. Kuna gharama zisizo na mwisho hapa: pampu, tope, ukaguzi wa kilima. Bonde la makaa la Ruhr, Ujerumani, walikubali hilo waziwazi, wakaunda mfuko mwaka 2007, na makaa yalipokoma Desemba 2018 mfuko ukaanza kubeba kazi za milele. Kanuni ya kidole: kama mfuko unazaa asilimia 4 baada ya mfumuko wa bei, weka mara 25 ya gharama ya mwaka kabla ya kukata utepe. Tiketi zilipe waongozaji na vyoo. Msitegemee tiketi zilipe pampu.

#16 Kinu_Kimya

Nashukuru. Swali la mwisho kwa MajiKwanza: lile tope la bwawani hutolewa kila baada ya muda gani, na linakwenda wapi?

#17 MajiKwanza

Kilo 34.5 za chuma zinakuwa kilo 66 za tope kavu kwa siku, tani 24 kwa mwaka. Ila bwawani halikai kavu. Likiwa na asilimia 5 tu ya yabisi ni kama mita za ujazo 480 kwa mwaka. Bwawa lako la mita za mraba 3,500, ukiruhusu mita moja ya tope na kubakiza nusu mita ya maji juu, linajaa kwa miaka 7. Jenga mawili sambamba, kila moja liweze kubeba maji yote peke yake, ili moja likaushwe jingine likifanya kazi. Likikauka ni rangi nzuri ya udongo mwekundu, na Ohio wanaligeuza rangi ya wachoraji. Lipimwe metali nzito kwanza.

Kitu kinachosahaulika ni njia ya lori. Acha upana wa mita 4, changarawe iliyoshindiliwa, kutoka getini hadi ukingo wa bwawa, na uwanja wa kukaushia tope pembeni.

#18 Kinu_Kimya

Kwenye michoro yetu hapo ndipo lilipowekwa jukwaa la muziki.

#19 MajiKwanza

Lihamisheni.